Chupa Aliyoimwaga Mwanakheri

Saa moja asubuhi, bahari imekupwa Unguja Ukuu, na Mwanakheri Ubwa yumo kwenye tope hadi magotini. Anafukua makumbi ya nazi aliyoyafukia miezi sita iliyopita. Analinusa moja. Limeoza vizuri. Anakaa juu ya jiwe, anashika gongo, anaanza kuyapiga yatoe usumba wa kusokotea kamba.

Ana miaka arubaini na sita. Kamba moja ndefu humpatia shilingi elfu tatu.

"Mimi kazi yangu kuozesha," anasema bila kucheka. "Kitu cha kutooza ndicho kilichonishinda."

Kitu hicho kilikuwa kipande kidogo cha nyama, kilichokatwa kwenye uvimbe wa ziwa la kushoto la mdogo wake, Nasima. Ilishajulikana kuwa ni saratani. Zilikuwa zimebaki kupimwa protini zilizomo ndani ya uvimbe: moja huonesha saratani inakwenda mbio kiasi gani, nyengine huonesha kama itasikia dawa ya vidonge. Kipimo kilikuwa Dar es Salaam, na Mwanakheri ndiye aliyekabidhiwa chupa yenye kipande hicho aivushe.

Dawa iliyohifadhi nyama ilinuka na kuwasha macho. Mwanakheri aliona dhulma nyama ya mdogo wake ikae humo. Akaimwaga. Akajaza maji ya Zamzam aliyoletewa na shangazi yake kutoka hija.

"Nilisema naitilia baraka. Wallahi sikujua."

Baada ya wiki tatu maabara ikajibu: kipande kimeharibika, protini hazisomeki. Nasima akarudi kukatwa tena.

"Alilia kabla ya sindano. Nikamshika mkono, sikumwambia kuwa ni mimi."

Majibu ya pili yalichukua wiki tano. Uvimbe unakwenda mbio, na protini inayopokea dawa ya vidonge haimo.

"Na ile chupa ya mwanzo ingefika salama?" Mwanakheri alimuuliza Daktari Wakil, anayemtibu Nasima.

"Majibu yangekuwa haya haya, Bi Mwanakheri. Lakini tungeanza matibabu mapema. Ingesaidia kiasi gani, siwezi kukwambia."

Muda wote huo Nasima aliilaumu maabara. Mwanakheri alikubali habari hii iandikwe kwa sharti moja: amwambie mdogo wake kwanza. Juzi alikwenda nyumbani kwa Nasima, Michenzani, akamkuta kitandani, akamwambia.

Nasima akauliza: "Zamzam yote?"

"Yote."

"Hukunibakishia hata funda, dada?"

Wakacheka wote wawili. Kisha Nasima akageukia ukutani, na mpaka Mwanakheri anaondoka hakugeuka tena.

Jumatatu Nasima anaanza dripu ya dawa ya saratani. Hakumwomba dada yake amsindikize.

"Andika dawa ya chupani isimwagwe, wasikie wenye wagonjwa wao," anasema Mwanakheri, akiokota kumbi jengine. "Mimi Jumatatu nnakwenda. Nitakaa nje, mlangoni. Akiniita, nitaitika naam. Asiponiita, nitakaa hapo hapo mpaka dripu iishe."