Baba Mdogo Ananiita Mama

Naomba radhi mapema kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea. Shule niliiacha darasa la nane, na ninaandika polepole kama mtu anayechambua mawe kwenye maharagwe. Lakini kuna mwanamke aliyewahi kunisubiri nikiandika, na habari zake ndizo ninazotaka kueleza.

Ni wakili, na bado ni kijana. Siku za kazi hushughulikia mambo ya makampuni mjini Meru. Jumamosi huwasikiliza wajane na watoto wao bure, katika chumba cha kanisa kule Kaaga. Dada ya mama, anayeuza kabichi katika soko la Gakoromone, ndiye aliyetuambia habari zake.

"Hununua kwangu na habishani bei," alisema. "Mtu asiyebishana bei ama ni tajiri ama ana huruma. Nendeni mkajue ni yupi."

Baba alikuwa amefariki. Shamba letu la Embu, lenye kahawa, nyumba yetu na kaburi lake, lilikuwa bado kwa jina la babu. Ndugu ya baba, yaani baba yangu mdogo, alikwenda kortini akaandikisha warithi bila kututaja. Alisema mama hakuwa mke, alikuwa tu mwanamke wa kutoka Githongo, kule Meru, aliyekuja kukaa na ndugu yake. Mama hana cheti cha ndoa. Wazee waliokula mbuzi wa mahari yake wamekufa wote. Kama korti ingemwamini baba mdogo, tungefungasha.

Kule Kaaga mama alieleza yote mpaka akalia. Kisha wakili akanigeukia. "Na wewe unakumbuka nini?"

Nikaangalia sakafu.

"Huyu hasemi, wakili," mama akasema. "Hata kuku akimnyang'anya ugali hasemi."

Wakili akacheka kidogo, akanipa daftari na kalamu. "Basi andika. Andika mambo ya kawaida tu. Nani huja nyumbani, akija anasema nini."

Nikanong'ona kwamba mimi hukosea sana maneno.

"Mimi sisahihishi mtihani," akasema.

Niliandika kurasa mbili, na zilinichukua zaidi ya saa moja. Simu yake ililia mara nyingi. Moja aliipokea, akazungumza Kiingereza cha haraka kuhusu mkataba wa kampuni ya majani chai, akawaambia wangoje hadi saa nane, akaizima. Nilishikilia kalamu nikimtazama. Sikuwa nimewahi kuona wakubwa wakiambiwa wangoje kwa sababu yangu.

Niliandika kwamba baba mdogo huja kwetu Jumapili, ila tangu aende kortini hajaja. Akifika mlangoni husema, "Mama, mtoto wako amekuja na njaa." Nami humjibu, "Ingia ule, mtoto wangu." Ni mchezo wetu tangu nilipokuwa mdogo, na ndiyo maneno pekee ambayo sikuwahi kuyaonea haya. Mimi nina jina la mama yake. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na ndugu za baba humwita mama. Baba mdogo hajanitaja kwa jina hata siku moja. Jina la mama yako hulitaji hivihivi.

Wakili alisoma kidole chake kikifuata mistari yangu iliyopinda. Alipofika hapo akarudia. Kwa kuwa alilelewa mjini, alimuuliza mama, "Mtoto ambaye mama yake hajaolewa angepewa jina hili?"

"Angepewa la upande wa mama yake," mama akajibu. "Hilo ni jina la mwenye boma. Nani angelitoa kwa mgeni?"

Wakili alifunga daftari kwa mikono miwili, kama watu wanavyofunga Biblia.

Korti ilitutuma kwanza kwa mpatanishi, mama mmoja mzee wa Embu, katika chumba chenye meza moja. Asubuhi hiyo wakili alifika na mifuko miwili. Mkoba mweusi ulikuwa na karatasi za makampuni, na kiondo kilikuwa na zetu. Alimaliza mkutano wao kwenye simu akiwa amesimama kando ya gari, akafungia mkoba ndani, akaingia na kiondo peke yake.

Baba mdogo aliketi mbele yetu bila kutuangalia. Nilimwogopa, na nilimhurumia pia, kwa sababu anafanana na baba. Nilidhani wakili atampigia kelele. Alimwambia taratibu, "Mzee, hatujasalimiana. Tafadhali msalimie msichana huyu kama unavyomsalimia siku zote."

Chumba cha pili mtu alikuwa akipiga muhuri. Baba mdogo aligeuza kofia yake mikononi. Angenitaja kwa jina, ningekuwa mgeni tu. Hakuweza.

"Mama," akasema mwishowe.

Nami, nisiyesema, nikasikia sauti yangu ikijibu, "Ingia ule, mtoto wangu."

Mpatanishi akaweka kalamu chini. Hakuhitaji kuelezwa desturi hiyo. Baba mdogo alijifunika uso kwa ile kofia, kisha akasema, "Andika kwamba huyu ni mke wa ndugu yangu. Siwezi kumfukuza mama yangu."

Jina la mama likaandikwa kati ya warithi, pamoja na langu. Wakili alipokea parachichi tatu kutoka kwa mama, akanirudishia daftari, akaondoka mbio. Kampuni ilikuwa ikimngoja Meru. Bado nashangaa. Kati ya vitabu vyake vyote vya sheria, alitegemea mstari wangu uliojaa makosa.

Jumapili iliyofuata baba mdogo alisimama langoni kwa muda mrefu. Nilikuwa nimepika. Nikamwita mimi, kwa mara ya kwanza kabla hajaniita.

Naandika katika daftari lile lile, na kurasa tupu bado zipo. Kama kwenu kuna mtoto anayebeba jina la mzee wenu, niandikieni mnamwitaje, na akiitwa huitika vipi. Nitasoma polepole, lakini nitajibu.