Harufu Iliyomfuata Mama Chupa

Kazini walimwita Mama Chupa, kwa kuwa miaka kumi na minne alikuwa akiosha chupa za maabara inayopima ubongo wa panya. Chupa moja aliiosha akibana pumzi: ya putresini. Inanuka nyama iliyooza, na hata jina lake, aliambiwa, lina maana hiyo hiyo.

Wiki ya sita tangu binti yake, kitindamimba, aanguke ngazini, agonge kichwa na kulala bila kusema neno, harufu ile akaikuta nyumbani.

"Aproni yako hiyo, wifi," alisema dada wa mumewe, aliyemwuguza binti mchana. "Unatembea na panya wako."

Aproni akaiacha kazini. Harufu ikabaki. Kila asubuhi akawa anainama kunusa paji la uso la mwanawe, roho juu juu.

Mwishowe alimwuliza fundi wa maabara. "Kitu hiki, mtu hai anacho kichwani?"

"Hata wewe, mama," fundi alicheka. "Ubongo unakata kemikali iitwayo ornithini, inakuwa putresini. Unaongeza kipande, inakuwa spermidini, kingine, spermini. Halafu unazibomoa, zinarudi nyuma mpaka putresini tena. Jenga, bomoa, kutwa kucha! Na kubomoa nako kunaacha sumu kidogo."

"Na kichwa kikigongwa?"

Fundi aliacha kucheka. "Putresini inapanda."

Chupa ikamponyoka, ikazama kwenye povu. "Basi ndiyo ninayoinusa. Mwanangu anaoza kichwa."

"Hapana, mama! Ya ubongo ni chembe tu, na fuvu limefunga. Huwezi kuinusa. Kama unanusa, kuna nyama inakufa mahali pengine. Mnamgeuza kitandani?"

Aliondoka na glavu mikononi.

Nyumbani alimlaza binti kiubavu. Chini ya kiuno, pale mfupa unapokandamiza godoro, shuka lilikuwa limegandamana na ngozi. Alilibandua taratibu. Kidonda, upana wa kifuniko cha chupa. Kina chake hakutaka kukijua. Siku zote hizo alinusa kichwa.

Alipogusa ukingo wake kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, mwili ule ulishtuka.

"Inauma," ilisema sauti iliyokauka.

"Wifi! Njoo! Amesema inauma!"

Wifi alikuja mbio, akasimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Sema tena, mama," Mama Chupa alimnong'oneza binti.

Kimya. Akabaki ameinama, kitambaa hewani kikidondosha maji, akiogopa kukigusa tena kile kidonda, na akitamani kukigusa.