Vidonge vya Kuzima Joto

Joto lile lilinianza kanisani, kijijini kwetu Akheri, enzi za Mwingereza, asubuhi ambayo wenzangu benchi zima walikuwa wamejikunyata kwa baridi ya mlimani. Jasho likanitiririka shingoni. Kuanzia hapo sikulala, na nikawa mkali hata kwa kuku.

Daktari Mzungu wa mjini Arusha alinipa vidonge bila kunificha kitu, mkalimani akitazama dirishani kwa aibu. Vingenituliza. Lakini damu ya mwezi iliyokuwa imekoma kwa miaka miwili ingeweza kurudi, na ikirudi nisikae nayo, nije nipimwe, maana huenda ikawa ni ugonjwa wa kizazi. Niliitikia tu. Nilitaka usingizi.

Mwezi wa kwanza nililala, hata nikaimba nikichuma kahawa. Wa pili, damu ikaja.

Nyumbani kwetu, mke wa mwanao akishaanza kuzaa, wewe huzai tena. Mkaza mwana wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, na tuliishi boma moja. Vitambaa vyangu vikionekana, watu wangesema nashindana naye, na mume wangu, mzee wa kanisa, asingekuwa na pa kuficha uso. Nikawa nafua mferejini alfajiri kama mwizi.

Nikaviacha vidonge. Joto likarudi wiki ileile, damu haikukoma. Hapo niliogopa kweli. Kwenda kwa daktari kulitaka ruhusa ya mume, na ruhusa ilitaka sababu; ya joto alishaikubali mara moja, hangeikubali tena. Niliwaza huku na huku, sikuona pa kutokea.

Asubuhi moja mkaza mwana alinikuta mferejini. Nilimfokea arudi nyumbani. Badala yake alichuchumaa na tumbo lake, akachukua kitambaa kimoja, akaanza kukifua.

"Mama, nimekuona siku nyingi ukifua hapa. Nimemwambia baba kwamba mimi ndiye natoka damu," alisema. "Amesema unipeleke hospitali leo."

"Unamtamkia uongo wa mkosi mtoto aliye tumboni?"

"Nimeshasema, Mama."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia. Nikakamua vitambaa.

Mume wangu alitusindikiza hadi barabarani, akamwekea mkaza mwana mkono kichwani na kumwombea. Mimi niliitikia amina. Njia nzima hadi Arusha nilimtanguliza, macho yangu kwenye kanga yake kwa nyuma, nikitafuta doa.