Wimbi Linaloamkia

Mimi ni mbishi, na ubishi huo nusura unirudishe Kahama kupepeta mchele. Nilikuwa nasoma ufundi wa elektroniki Shinyanga mjini, na jaribio la osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, nilikuwa nimeshafeli. Mama, ambaye huuza mchele kwenye mashine ya kukoboa, alisema nikifeli tena nifungashe virago.

Kilichoniponza ni neno moja tu: mbele. Kwenye kioo kulikuwa na mawimbi mawili, la njano na la buluu, na mwalimu alitaka tuseme lipi limetangulia na kwa nyuzi ngapi. La buluu lilikuwa kulia kidogo, nikasema ndilo. Sisi tumekua tukichunga; ng'ombe aliye mbele ndiye aliyetangulia. Mwalimu akasema kulia ni baadaye, nami nikamjibu kwamba sijawahi kuona ng'ombe anayetangulia akiwa nyuma. Darasa zima lilicheka. Niliona aibu, nikanuna siku nzima.

Jioni nilimpigia mama. Mtandao ulikuwa wa kusuasua. Nilimwamkia, kimya. Nikauliza kama amekula, ndipo "Marahaba, mwanangu" ikaingia. Nikauliza habari za mdogo wangu, nikajibiwa ugali na mlenda. Nilianza kukasirika, kisha nikacheka peke yangu. Nilichukua kalamu nikaandika kiganjani: shikamoo, halafu marahaba. Shikamoo ilikaa kushoto, kwa sababu ndiyo iliyoanza. Kumbe kioo kile hakichungi ng'ombe, kinaandika.

Siku ya kurudia jaribio niliketi mbele ya kioo kile. Nilihesabu miraba ya kwenye kioo. Wimbi zima, yaani nyuzi mia tatu na sitini, lilichukua minane, na kutoka pale la njano lilipokata mstari wa katikati likipanda, hadi la buluu lilipofanya vivyo hivyo, ulikuwa mraba mmoja.

"Lipi limetangulia?" mwalimu aliuliza.

"La njano, mwalimu. Hilo ndilo linaloamkia. La buluu linaitikia, na limechelewa kwa nyuzi arobaini na tano."

Alitabasamu, akaniambia nimefaulu.

Nilitoka nje mbio nikampigia mama, nikamwambia. Kimya. Siku nyingine ningekata simu kwa hasira. Safari hii niliishikilia sikioni, nikasubiri, mpaka vigelegele vyake vikaingia.