Orlena Stidham na Mstari wa Majaji

Mmenisumbua vya kutosha. Kila Jumapili mlangoni pa kanisa ni kuniambia niandike habari za Orlena Stidham, na wanaoniambia ndio hao hao waliosoma kunizidi, wenye kalamu nzuri na wasio na haya. Haya, naandika. Nikiwaachia nyinyi mtamfanya mtakatifu, na mtakatifu si yeye. Ni mwanamke mkali aliyezaa ukoo wa watu wavivu.

Orlena alipika jikoni mwa shule ya bonde letu, hapa milimani mashariki mwa Kentucky, miaka thelathini na mmoja. Kila mtoto wa bonde hili amekula maharage yake na mkate wake wa mahindi, hata Garland Prewitt. Huyo Prewitt alipokua na kupata pesa akanunua shamba lililo chini ya kilima cha makaburi ya akina Stidham, akaziba njia kwa geti la chuma na kufuli.

Kule juu amelala Burchell, mume wa Orlena, na binti yao aliyeishi siku mbili. Jiwe la Burchell ni la watu wawili: upande mmoja jina lake, upande wa pili jina la Orlena na mwaka aliozaliwa. Kimebaki kuchongwa mwaka wa kufa tu. Mtu wa miaka sabini na sita anataka kujua atalala wapi, na Orlena alitaka kulala pale.

Alishtaki, akashindwa. Wakili wake akakata rufaa, akamweleza kwamba kesi itaamuliwa na majaji watatu, na mmoja wao huenda akawa yule ambaye sisi watu wa milimani tungemchagua mwezi wa Novemba.

Basi Orlena, ambaye hajawahi kujali jaji yeyote, akaanza kwenda kuwasikiliza. Majaji wetu hawagombei kwa chama, wala hawaruhusiwi kuahidi uamuzi. Kwa hiyo kwenye karamu za kampeni husimama mbele ya sahani za samaki wa kukaanga wakasifu bibi zao na mbwa wao wa kuwindia, watu wakapiga makofi, wakarudi kula. Jaji Talmadge Roark, aliyekuwa kitini tayari, alikuwa akigawa vipigio vya nzi vyenye jina lake. Orlena akamuuliza kama inafaa mtu kumfungia mjane kufuli asifike alipozikwa mumewe. Roark akatabasamu, akasema yeye ataheshimu sheria, akampa kipigio, akaenda meza ya pili.

Mpinzani wake, Hestel Cornett, alikuwa wakili mwenye suruali iliyopauka magotini. Akaulizwa hilo hilo.

"Mama, nikikwambia nitaamua vipi, sitafaa kuwa jaji," alisema. "Ila faili nitakuwa nimelisoma lote, na ramani nimeiangalia. Hilo nakuapia."

Orlena hakutaka zaidi. Miezi miwili alitembea nyumba kwa nyumba na mguu wake mbovu akilitaja jina la Cornett, akianza na watu wake mwenyewe: watoto, wakwe, wajukuu, wapiga kura ishirini na watatu. Wote waliapa. Siku yenyewe wakarudi na vibandiko vyao vya "Nimepiga kura" vifuani kama waliotoka vitani.

Cornett alishindwa kwa kura mia mbili na sita. Katika vituo viwili vya bonde letu walipiga kura watu mia sita na kitu, na walioweka alama kwenye mstari wa majaji hawakufika mia mbili. Orlena aliyasoma hayo gazetini. Jumapili akawapikia kuku, akangoja midomo ijae, ndipo akauliza.

Dorsel, mwanawe wa kwanza, alijibu kwa kujiamini. "Mimi nilipaka duara moja tu, Mama, lile la chama kule juu. Ukishapaka hilo mashine inakujazia wote."

"Majaji wana chama?"

Dorsel akamtazama kuku wake. "Hawana."

"Sasa ikujazie nini, bwege wewe?"

Lavada, mke wa Dorsel, akasema hakujua karatasi ya kura ina upande wa nyuma, walikokuwa majaji. Na huyu ndiye Lavada ambaye dukani hatoki mpaka amegeuza kila blauzi kutafuta bei. Orlena akawapitia wote mmoja mmoja. Kati ya ishirini na watatu, wanne ndio waliofika kwenye mstari ule, na mmoja wao alimchagua Roark, kwa sababu kile kipigio cha nzi kilikuwa imara.

Orlena akasema alijua amezaa walaji, lakini alidhani walau wawili watatu wana macho.

Uamuzi ulitoka Aprili, wawili dhidi ya mmoja, Roark akiwa kati ya wawili. Kurasa mbili na nusu. Makaburi wakayaita "eneo husika", wakasema akina Stidham walikuwa wakipita kwa hisani ya wenye shamba wa zamani, si kwa haki. Hakuna ajuaye Cornett angeamua nini, na Orlena ndiye wa kwanza kusema hivyo. Lakini ramani angeiangalia.

Jumapili ya mwisho ya Mei, familia nyingine zilipokuwa zikipeleka maua makaburini mwao, Orlena aliwapanga watu wake nyuma ya kilima, kwenye shamba la marehemu kaka yake. Ni mawe, miiba na mteremko ambao hata mbuzi angeukataa. Akamkabidhi Dorsel ufito aliokwisha kuukata.

"Huu ndio upana wa njia mtakayonichimbia hadi juu. Jeneza, na mtu kila upande. Sitaki kupandishwa kiubavu kama kabati."

"Mama, hii kazi ya miaka miwili."

"Basi ombeni nisife mapema. Mlitakiwa kutumia sekunde tano, mkaziona nyingi."

Wanachimba kila Jumamosi. Wamefika theluthi, na Lavada ndiye anayebeba mawe.

Nimeandika, na mkono unaniuma. Sasa wewe uliyesoma: Jumamosi njoo na sururu yako, za kuazima zimekwisha. Na kabla hujatoka nyumbani, jiulize jaji uliyempigia kura mara ya mwisho anaitwa nani. Ukikosa jina, beba sururu mbili.