Fundi Barafu na Gari Lililokwenda Kinyumenyume

Kwa kazi ya friji, Fundi Barafu hakuwa na mpinzani mtaa mzima, na hilo alilisema mwenyewe kabla hujamuuliza. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, kitambi cha heshima, na karakana ya chumba kimoja ambamo friji sita zilisimama milango wazi kama wagonjwa wanaosubiri kuangaliwa koo. Ukutani alibandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: MAJI NA UMEME HAVIPATANI. Mteja aliyeosha friji ovyo alisemwa mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze.

Binti yake alipojifungua mtoto wa kike, Fundi Barafu alirudi nyumbani na gari la rimoti, jekundu, magurudumu yake makubwa kama ya trekta.

"La nani hilo?" mkewe aliuliza, pini mdomoni. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni.

"La mjukuu."

"Mjukuu ana wiki tatu, baba."

"Si atakua?"

Kumngoja akue ndiko kulikomshinda. Jumamosi hiyohiyo alikuwa kwenye kiwanja cha nyuma ya shule, pamoja na watu wazima wenzake waliokuwa wakishindanisha magari kama hayo. Aliyewaongoza alikuwa kinyozi, kijana mpole mwenye vidole vyembamba.

"Ukimaliza kuliendesha, mzee wangu, brashi kavu tu," kinyozi alimwelekeza. "Toa vumbi kwenye gia, kaza skrubu, betri usiiache ndani. Maji usiyaguse."

Fundi Barafu aliitikia kwa adabu, lakini moyoni alicheka. Leo hii kinyozi ndiye wa kumfundisha yeye mambo ya mashine!

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, gari likarudi nyumbani limevaa tope mpaka juu. Akalipeleka bombani. Akalipaka sabuni, akalisugua kwa mswaki, akalisuuza mara mbili. Liling'aa. Akatia betri, akabonyeza. Gari likakohoa mara moja, likatoa harufu ya waya ulioungua, likanyamaza kimya.

Hapo ndipo alipoikumbuka ile karatasi yake ya ukutani. Kesho yake alipofika karakanani aliipa mgongo kutwa nzima.

Alilianika siku mbili. Alipolifungua, alikuta nyaya mbili za mota zimeungua. Akaweka mpya, akazilehemu vizuri, hata mwenyewe akajipongeza. Angeishia hapo angesalimika. Lakini aibu ilimtuma mbali zaidi: alichukua ile gundi ya kuzibia friji zinazovuja, akaifunika sehemu yote ya umeme, matabaka mawili mazito.

"Sasa hata ulichemshe kwenye sufuria," alimtambia mkewe, "maji hayaingii."

Gundi ilikauka Jumamosi asubuhi, saa moja kabla ya mashindano. Akalijaribu ukumbini. Alipobonyeza mbele, gari likarudi nyuma. Alipobonyeza nyuma, likaenda mbele. Alikuwa amezipishanisha nyaya za mota, kosa ambalo angemfukuzia kazi mwanafunzi yeyote. Kuzibadilisha ni kazi ya dakika moja, isipokuwa zilikuwa chini ya gundi ngumu kama jiwe.

"Si neno," alisema. "Nikitaka mbele, nabonyeza nyuma."

"Na ukitaka kulia?" mkewe aliuliza.

"Kulia ni kulia."

"Haya. Leo nakuja kutazama."

Magari sita yalipangwa mstarini. Kinyozi akapiga filimbi, matano yakatoweka kwenye vumbi. La sita likaanza kujikokota. Fundi Barafu hakujua kwamba magari yale yametengenezwa yaende taratibu yanaporudi nyuma. Na lake, masikini, liliamini linarudi nyuma.

"Mzee, linasindikiza msiba?" mtu mmoja alipaza sauti.

"Ongeza mwendo, Fundi!" kinyozi naye akaita.

Kwa kiherehere, kidole kikaenda kilikozoea. Akabonyeza mbele kwa nguvu zote. Gari likaruka kinyumenyume kama lililochomwa sindano, likapita katikati ya miguu yake, likawainua mkewe na wanawake wawili kwenye benchi, likatumbukia kwenye dimbwi. Kisha likatokea ng'ambo ya pili likichuruzika maji, bado linakimbia, bado kinyumenyume.

"Hayakuingia!" Fundi Barafu alipiga kelele, mikono juu. "Mmeona? Hata tone!"

Hakuna aliyemsikia. Watu walikuwa hoi kwa kicheko. Mkewe alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, anafuta machozi kwa upindo wa gauni. Fundi Barafu alitaka kukasirika, akaitafuta hasira asiione. Kitambi kikaanza kutikisika chenyewe.

"Nilikwambia brashi kavu," kinyozi alisema.

"Uliniambia. Nikadhani unajua nywele tu."

Akawasimulia yote, bomba, sabuni na gundi, na kila walipocheka akaongeza chumvi kidogo.

Jumapili mume na mke walishinda kutwa kwenye meza ya kukatia vitambaa. Mkewe alibandua gundi chembe kwa chembe kwa kiwembe cha kufumulia mishono. Yeye alishika tochi na kuambiwa asimpumulie shingoni. Nyaya zilipobadilishwa, mkewe akasema, "Hebu nijaribu." Akalizungusha kati ya miguu ya viti, chini ya cherehani, bila kugusa kitu.

Jumamosi iliyofuata aliyeendesha alikuwa mkewe, akashika nafasi ya pili. Fundi Barafu alibakizwa kwenye matunzo. Sasa kila wiki utamkuta amepiga magoti pembeni mwa kiwanja, kitambi kikimbana, anapitisha brashi kavu kwenye gia na kuweka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli.

"Fundi, gari la mama tayari?" wenzake humwuliza.

"Ngojeni," hujibu bila kuinua kichwa. "Bado skrubu mbili, na maji sijayagusa."