Kuni Nzito za Edmonton

Mwaka 1964 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mapinduzi yalipopita baba hakurudi nyumbani, skuli nikaiacha darasa la tatu, nikaingia mikokoni kukata kuni za kuuza. Sijasoma, nasema wazi, wala sioni haya. Lakini kuni nilijiona nazijua.

Kwetu kuni tunazipima kwa mkono. Mkoko mzito ndio kuni: unakaa, unaivisha sufuria ya harusi. Nyepesi ni za kuwashia tu. Akili hiyo nikaja nayo mpaka London.

Tulipanga chumba cha chini Edmonton, mimi na mke wangu, kwa mtu wa mjini Unguja aliyetutangulia kuja. Chumba kilikuwa na jiko la chuma, na yeye juu alikuwa na lake. Uani aliweka marundo mawili ya kuni. Akaniambia, "Chagua rundo lako, moja tu, lingine langu." Nikainua gogo huku, nikainua kule. Nikachukua mazito.

"Hapo umechagua kama fundi," akasema. Akajichekea.

Mti wenyewe ni ule wa kando ya mto, wenye majani yanayoning'inia kama nywele. Uliangushwa juzi tu, uzito wote ni maji. Alijua. Mke wangu alikuwa bado ndani ya arubaini ya uzazi, binti yetu mchanga, na mzazi wa kwetu hukandwa kwa maji ya moto, chumba chake kisipoe. Mimi napuliza mpaka macho yanatoka, kuni zinalia chiii, zinatoa povu kwenye ncha. Moshi mwingi, moto hakuna. Mtoto akaanza kukohoa, na homa juu.

Asubuhi moja nikachukua gogo moja la rundo lake. Jepesi kama kuti kavu, limepasuka nchani. Ndio mti Waingereza wanaouita eshi. Nikalitia jikoni, likashika palepale. Nikatoka kuchukua la pili, nikamkuta amesimama uani na kofia yake.

"Weka chini. Wewe si ulichagua?"

"Ami, mtoto anakohoa."

"Mvalishe."

Nikaweka chini. Sikukuu ikaja, kwenye baraza akawahadithia watu nilivyopima kuni kwa mkono kama napima papa mnadani. Walicheka wote. Nikanywa chai yangu. Binti yangu alipona homa, ila kifua hakikupona, mpaka leo anatembea na dawa ya kuvuta.

Nikatafuta kazi kwa wakata miti. Nikajifunza: eshi inawaka vizuri, mwaloni unataka miaka ya kukauka, msonobari unapaka bomba la moshi masizi. Magogo mawili ukiyagonganisha, makavu yanalia ko, mabichi yanalia du. Nikafungua yadi yangu Thornton Heath. Na kila mwaka nilimngoja yule mwenye nyumba.

Akaja. Mzee, mkongojo mkononi, mwanawe kamleta kwa gari naye hakushuka. Bomba la gesi la nyumba limeharibika, amebaki na lile jiko la chuma. Akaenda moja kwa moja kwenye eshi yangu, akanyoosha mkono.

"Weka chini," nikamwambia. "Hizo zina mwenyewe. Chukua zile nzito, fundi."

Alinitazama sana. Akanikumbuka.

"Mwanangu, mimi nina baridi."

"Jivalishe."

Mke wangu akanivuta pembeni. "Mpe makavu, bwana. Mzee yule."

"Na mwanao alikuwa nani? Mzee pia?"

Akaingia ndani. Mimi mwenyewe nilimpakilia mabichi, tena yaliyokatwa wiki ile, yanadondosha maji kwenye buti la gari. Hakurudi tena. Watu wa baraza husema nina moyo wa jiwe. Waseme. Siku ile walicheka, leo wanataka nihurumie.

Nilichonacho leo ni hiki. Yadi. Lori mbili na msumeno wa mashine. Nyumba Edmonton, mtaa uleule, nimenunua pale ninapoiona yake dirishani. Jiko la chuma. Eshi ya miaka mitatu, imejaa banda. Mke. Binti, na kifua chake.